Bakteria sugu bandani: namna ya kuwapunguza na kuwazuia wasihamie kwa mfugaji

Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya jaribio la shambani. Kuku walilishwa chakula kilichotiwa kiasi kidogo cha tetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, yaani dawa ya bakteria. Ndani ya wiki moja hivi, karibu bakteria wote wa utumbo wa kuku hao walikuwa hawauliki tena kwa dawa hiyo. Kwa watu wa shambani humo mabadiliko yalikwenda polepole, lakini ilipofika mwezi wa 5 hadi wa 6, karibu theluthi ya sampuli zao za choo zilikuwa zimejaa bakteria sugu. Kwa majirani wao, sampuli za namna hiyo hazikufika hata 1 kati ya 10. Kukaa na kuku wale na kuwahudumia kulitosha.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe kosa moja linalorudiwa sana: "mwili umezoea dawa." Mwili hauzoei. Bakteria ndio wanaokuwa sugu. Dawa huua walio dhaifu, na wale wachache wenye kinga hubaki peke yao, wana chakula na nafasi, wakazaana. E. koli, bakteria wa kawaida wa utumbo, akipata mazingira mazuri hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Kinga hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine kabisa. Plasmidi moja mara nyingi hubeba kinga dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo ukitumia dawa moja unaweza kuwa unalinda usugu dhidi ya dawa nyingine ambayo hujawahi kuinunua. Na sindano iliyolenga mapafu ya ndama hufika pia kwenye utumbo wake, ikawachuja mabilioni ya bakteria ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Kwa sababu hiyo kila hatua hapa chini ina kazi mbili: kupunguza mara ambazo dawa inatumika, na kukata njia ambazo bakteria wanapitia kutoka kwa mfugo kuja kwako, na kutoka kwako kurudi kwa mfugo.

Kwanza, fungua daftari

Usibadilishe chochote kabla ya kujua ulipo. Kwa kila mnyama au kundi lililopewa dawa andika: tarehe, namba ya mnyama au idadi ya kundi, uzito, dalili, joto la mwili, jina la kiambato (lile jina dogo lililo chini ya jina la biashara), nguvu ya dawa, kipimo kilichotolewa, njia, siku ngapi, tarehe ya mwisho ya kusubiri (kabla yake maziwa, mayai au nyama haviuzwi), na matokeo. Safu ya matokeo ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Dawa iliyoandikwa "hakupona" mara 3 mfululizo kwa ugonjwa uleule inakuambia jambo kabla maabara haijasema.

Baada ya miezi 3 soma daftari lote kwa mkupuo. Tafuta ugonjwa uliorudi mara nyingi zaidi. Huo ndio utakaoanza nao, kwa sababu ugonjwa unaorudi kila kundi jipya linapoingia una chanzo kwenye banda, maji, chakula au umri wa kuachisha, na antibayotiki zinafunika tu chanzo hicho.

Pili, tafuta dawa inaziba pengo gani

Kwa kuku, anza na hewa. Amonia itokayo kwenye kinyesi chenye unyevu huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa ya kuku, na E. koli akapata mlango wa kuingia. Jitahidi isizidi sehemu 25 kwa milioni. Kama huna kipimo, chuchumaa mpaka pua ifike usawa wa kichwa cha kuku, ukae hapo dakika moja. Macho yakiwasha, kuku wako wako mashakani tayari. Pua ya anayeingia bandani kila siku imeshazoea, kwa hiyo mwombe mtu ambaye hajaingia siku hiyo akuambie. Dawa ya hali hii ni kurekebisha vinywesheo vinavyovuja, kuondoa maranda yaliyoshikana, na kufungua hewa upande wa juu ili isiwapige kuku moja kwa moja.

Kwa ndama, pengo kubwa ni dang'a. Ndama huzaliwa hana kingamwili kwenye damu yake. Zote anazipata kwa maziwa yale ya kwanza, na utumbo wake unazipitisha kwa saa chache tu. Kufikia saa ya 24 baada ya kuzaliwa mlango umefungwa. Mpe kiasi kinacholingana na asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita 4 kwa ndama wa kilo 40, ukianza ndani ya saa mbili za kwanza. Chombo kiwe safi, maana dang'a iliyochafuliwa na kinyesi humfikishia bakteria kabla ya kinga.

Kwa nguruwe, angalia umri wa kuachisha kunyonya. Mtoto aliyeachishwa mapema mno utumbo wake hauko tayari kwa chakula kikavu, huharisha, na hapo ndipo dawa za kwenye chakula zilipopata soko. Wiki 4 ni bora kuliko wiki 3. Denmark ilipoacha dawa za kukuzia nguruwe, yaani antibayotiki za kwenye chakula za kuwafanya wakue haraka, kazi iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1990, kuhara kwa watoto walioachishwa kuliongezeka mwanzoni. Ni vizuri kulijua hilo mapema: ukiondoa dawa bila kurekebisha umri, joto la banda na chakula, utaona hasara, utarudi kwenye dawa, na utaamini kwamba haiwezekani. Inawezekana, ila mpangilio ni kurekebisha kwanza, kuondoa baadaye.

Chanjo ni sehemu ya hatua hii hata zile za virusi. Kuku aliyedhoofishwa na virusi vya njia ya hewa hushambuliwa na bakteria nyuma yake, na sindano inaishia kwenye bakteria. Wafugaji wa samaki aina ya salmoni nchini Norway walipopata chanjo nzuri mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, matumizi yao ya antibayotiki yalishuka karibu kufikia sifuri huku uzalishaji ukipanda.

Tatu, jiulize kama ni bakteria kweli

Antibayotiki haiui virusi, haiui minyoo, na kwa kawaida haifanyi kitu kwa vijidudu vya kuhara damu kwa vifaranga (koksidia), ambavyo vina dawa zake. Mdondo ni virusi. Ndui ya kuku ni virusi. Ugonjwa wa miguu na midomo ni virusi. Kuhara kwa ndama wa wiki mbili za kwanza mara nyingi ni virusi vya rota au korona, au kijidudu kiitwacho kriptosporidia, na kinachomuua ndama ni kukosa maji na chumvi. Mpe lita 2 za maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, mara 2 au 3 kwa siku, kati ya milo ya maziwa, na usimnyime maziwa. Antibayotiki iingie pale tu kuna homa, damu kwenye kinyesi, au ndama amelala na hataki kunyonya.

Pima joto kabla ya kuamua. Ng'ombe mzima ni nyuzi 38 hadi 39.3, mbuzi 38.5 hadi 39.7, nguruwe 38.7 hadi 39.8. Pima asubuhi au kivulini, kwa sababu mnyama aliyekaa juani au aliyekimbizwa atakuonyesha homa asiyo nayo.

Nne, chukua sampuli kabla ya dawa

Sampuli iliyochukuliwa baada ya sindano ya kwanza mara nyingi haioteshi kitu, na mfugaji anaambiwa "hakuna bakteria" wakati wapo. Kwa maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, fanya hivi. Nawa mikono, vaa glavu. Safisha chuchu na uikaushe. Kamua mikupuo 3 au 4 uitupe. Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 mpaka pamba itoke nyeupe. Ukichukua chuchu zote nne, safisha kwanza zilizo mbali nawe na ukamue kwanza zilizo karibu, ili mkono usipite juu ya chuchu iliyokwisha kusafishwa. Shika chupa tasa ikiwa imelala pembeni, si wima, ili mavumbi na nywele visianguke ndani. Mililita 3 hadi 5 zinatosha. Weka kwenye barafu mara moja, ifike maabara ndani ya saa 24, vinginevyo igandishe. Maabara ikiotesha aina 3 au zaidi za bakteria kwenye sampuli moja, huo karibu kila mara ni uchafu wa ukamuaji, na inabidi kurudia.

Kwa kuku, mpelekee daktari wa mifugo wale waliokufa muda si mrefu au wanaokaribia kufa, si mizoga iliyolala usiku kucha. Omba kipimo cha uoteshaji pamoja na kipimo cha usugu. Maabara hupanda bakteria kwenye sahani, huweka vidonge vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, na baada ya saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35 hupima duara tupu lililozunguka kila kidonge. Usisome ukubwa wa duara kwa macho na kusema kubwa ndiyo bora. Kila dawa ina mpaka wake. Soma herufi: S maana yake bakteria anauliwa, R maana yake ni sugu.

Je, mnyama asubiri majibu? Inategemea ukali. Maziwa yenye mabonge tu, kiwele laini, ng'ombe anakula: unaweza kusubiri saa 24, ukimkamua vizuri. Mashamba yanayosubiri hivyo na kutibu kulingana na majibu yamepunguza dawa za kiwele kwa karibu nusu, maana maambukizi mengi ya E. koli huondoka yenyewe na sampuli nyingi hazina bakteria tena. Lakini ng'ombe mwenye homa, aliyeacha kula au aliyelala chini hasubirishwi. Mwite daktari saa hiyohiyo.

Tano, dawa ipi

Uamuzi huu ni wa daktari wa mifugo, ila ni vyema ujue ngazi zilivyo ili usiruke ya kwanza. Anza na dawa za zamani zinazolenga kundi dogo la bakteria, kama penisilini ya kawaida, pale kipimo kinaporuhusu. Tetrasaiklini na salfa zinafuata. Mwisho kabisa, na kwa majibu ya maabara mkononi, ndipo zije sefalosporini za kizazi cha 3 na cha 4 (seftiofa ni mojawapo), enrofloksasini na ndugu zake, na kolistini. Hizi zinabaki mwisho kwa sababu watu mahututi hospitalini wanazitegemea. Mwaka 2005 Marekani iliondoa enrofloksasini kwenye kuku baada ya kuonekana kwamba Kampilobakta sugu, bakteria wanaoharisha watu, walikuwa wanawafikia walaji. Mwaka 2015 watafiti wa China walieleza kinasaba cha mcr-1, kinachotembea kwa plasmidi na kuwapa bakteria kinga dhidi ya kolistini, wakiwa wamekikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. China iliacha kuitumia kolistini kukuzia mifugo mwaka 2017.

Usimpe mnyama vidonge vya binadamu vilivyobaki nyumbani, na usimeze dawa ya mifugo. Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha; penisilini huua bakteria wanaojigawa, tetrasaiklini huwazuia kujigawa, na zikienda pamoja moja inaweza kuizuia nyingine.

Sita, kipimo sahihi

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na karibu yote huanzia kwenye uzito wa kukisia. Macho hudanganya sana kwa mnyama mkubwa. Kama huna mizani, pima kwa utepe: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,838. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa 120 ana kilo 249 hivi.

Sasa hesabu dawa. Chukua oksitetrasaiklini ya muda mrefu yenye miligramu 200 kwa mililita, ambayo lebo inasema miligramu 20 kwa kila kilo. Kilo 250 mara 20 ni miligramu 5,000. Gawanya kwa 200, unapata mililita 25. Sasa tazama hatari: dawa hiyohiyo inauzwa pia kwa nguvu ya miligramu 100 kwa mililita. Aliyezoea kuvuta mililita 25 akichukua chupa hiyo nyingine atatoa nusu ya kipimo, bakteria wenye kinga kidogo watapona, na atalaumu dawa kuwa feki. Chupa hizo mbili hazilingani hata kwa siku za kurudia. Soma nguvu kila unapofungua chupa mpya. Mililita 25 haziendi sehemu moja ya mwili: gawanya kulingana na kikomo cha lebo, ambacho mara nyingi ni mililita 10 kwa kila sehemu, kwenye msuli wa shingo. Dawa nyingi ikisongamana sehemu moja huua nyama ya hapo na hainyonywi vizuri.

Dawa ya kwenye maji ya kuku ina matatizo yake. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, mzima hunywa sana, kwa hiyo anayehitaji dawa ndiye anayeikosa. Pima kwa uzito wa kundi, si kwa gramu kwa lita pekee. Kuku 500 wa kilo 1.5 ni kilo 750. Kama daktari ameagiza miligramu 20 kwa kilo kwa siku, wanahitaji miligramu 15,000, sawa na gramu 15 za kiambato. Unga wenye nguvu ya asilimia 20 utapimwa gramu 75. Ziweke kwenye kiasi cha maji walichokunywa jana, si unachodhani watakunywa. Siku ya joto kali unywaji unaweza kuongezeka maradufu, na anayefuata gramu kwa lita atawazidishia. Changanya upya kila siku. Maji magumu yenye kalisi nyingi hushika tetrasaiklini isifanye kazi, na klorini huharibu baadhi ya dawa. Dozi ikiisha, suuza mabomba na vinywesheo: utando laini unaoteleza ndani ya bomba huhifadhi dawa na kuitoa kidogokidogo kwa siku nyingi, na kidogokidogo ndiko kunakojenga usugu.

Kuhusu siku za dozi, fuata alizoandika daktari. Kukatisha siku ya pili kwa kuwa mnyama ameanza kula ni kosa, na kuendelea wiki mbili "kwa uhakika" ni kosa vilevile, maana kila siku ya ziada inaendelea kuwachuja bakteria wa utumbo. Baada ya siku 3 bila nafuu yoyote, usiongeze kipimo wala kubadili dawa mwenyewe. Rudi kwenye swali la tatu: je, ni bakteria?

Ukiweka dawa ya mrija ndani ya chuchu:

1. Kamua kiwele mpaka kiishe, safisha na kausha.
2. Sugua ncha ya chuchu kwa spiriti, pamba moja kwa chuchu moja.
3. Ingiza ncha ya mrija milimita 3 tu. Kuizamisha yote husukuma uchafu ndani na kupanua tundu.
4. Sukuma dawa, toa mrija, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini ya asilimia 0.5.

Kusubiri, na maziwa yasiyouzwa

Kipindi cha kusubiri huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza. Ukizidisha kipimo au kubadili njia ya kutoa, namba ya lebo haikulindi tena, muulize daktari. Mfunge mnyama utepe mwekundu mguuni ili anayekamua zamu nyingine ajue bila kuuliza.

Maziwa ya kipindi hicho wengi huwapa ndama. Usifanye hivyo. Ndama anapata dozi ndogo ya antibayotiki kila siku tangu utotoni, na kinyesi chake hujaa bakteria sugu. Kuyachemsha huua bakteria lakini hakuondoi dawa nyingi. Yaende kwenye shimo la samadi, mbali na kisima na mkondo wa maji.

Saba, kata njia kati ya banda na nyumba

Weka nguo za bandani na buti zinazobaki bandani. Sehemu ya kunawia iwe mlangoni pa kutokea, si jikoni. Sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 huondoa bakteria sugu sawasawa na wasio sugu, kwa kuwa usugu ni dhidi ya antibayotiki, si dhidi ya sabuni. Funika kila mkwaruzo kwa plasta isiyopitisha maji. Usile, usivute sigara wala kushika simu ukiwa na glavu za kazi. Kabla ya kufagia banda la nguruwe au kuku, nyunyiza maji kidogo na uvae barakoa ya vumbi, maana vumbi hilo hubeba bakteria mpaka puani.

Beseni la dawa mlangoni linawadanganya wengi. Buti yenye kinyesi ikichovywa, kinyesi huimaliza dawa kabla haijagusa bakteria. Sugua kwanza kwa brashi na sabuni, suuza, ndipo uchovye. Kwa sakafu na vyombo ni vivyo hivyo: ondoa uchafu mkavu, loweka kwa sabuni, suuza, acha ikauke, ndipo upake dawa, ikauke tena kabla ya kuingiza wanyama. Klorini ya nyumbani ya asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 49 vya maji, hutoa asilimia 0.1, iache dakika 10. Ichanganye kila siku, na usiimwage juu ya mkojo mwingi au asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasihudumie wanyama wanaoharisha wala waliozaa hivi karibuni. Maziwa yachemshwe. Nyama ya kuku ifike nyuzi 74 katikati, na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari.

Samadi

Samadi mbichi ni ghala la bakteria na vinasaba vyao, pamoja na dawa yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya tetrasaiklini hutoka mwilini bila kubadilika. Lundika, changanya na majani makavu au maranda, unyevu uwe wa sponji iliyokamuliwa. Joto ndani ya lundo lifike nyuzi 55 na zaidi kwa siku 15, ukigeuza mara 5 au zaidi ili sehemu za nje nazo ziingie katikati. Lundo lisilopata joto halijawa mboji, ni kinyesi kilichozeeka. Hata mboji nzuri hupunguza vinasaba vya usugu bila kuviondoa vyote, kwa hiyo mboga zinazoliwa mbichi zipewe mboji iliyoiva tu. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo.

Kama bakteria sugu wameshapatikana

Usichinje kundi zima, na usiwape dawa wanyama wazima wanaobeba bakteria hao bila kuugua. Kuwatibu wabebaji hakuwasafishi, kunawaua washindani wa bakteria sugu tu. Watenge wagonjwa, wahudumie mwisho, kamua ng'ombe mwenye stafilokoko sugu (bakteria wa ngozi na kiwele) baada ya wengine wote, na kama hajapona baada ya tiba moja iliyofuata majibu ya maabara, kumwondoa kundini ni nafuu kuliko kuambukiza wengine. Wanyama wapya, pamoja na vifaranga wa siku moja, wanaweza kuja nao. Waliokua wakae kando wiki 2 hadi 4. Kwa vifaranga, uliza kituo cha kuangulia kama wanachoma antibayotiki kabla ya kusafirisha, na uchague kile kisichofanya hivyo.

Nawe mwenyewe, kubeba bakteria puani au tumboni si kuugua. Mnamo 2005 watafiti wa Uholanzi walieleza kwamba wafugaji wa nguruwe walikuwa na MRSA, yaani stafilokoko asiyeuliwa na penisilini wala ndugu zake, mara nyingi kupita watu wengine. Aina yake inayopatikana kwa mifugo inaitwa ST398. Hospitali za huko zikaanza kuwapima puani wafugaji wanaolazwa. Kwa wengi, bakteria hao hupungua wakikaa mbali na wanyama kwa muda.

Kwa hiyo ukienda hospitali kwa jipu, kidonda kisichofunga, homa, kuhara damu, maambukizi ya mkojo au upasuaji, sema mapema, kabla hujaandikiwa dawa: unafuga wanyama gani, dawa zipi zimetumika bandani katika miezi 3 iliyopita, na kama maabara ya mifugo iliwahi kuandika R mbele ya dawa yoyote. Beba daftari au ulipige picha. Jipu usilikamue, linahitaji kupasuliwa na usaha wake kupelekwa maabara, na kwa madogo kupasua peke yake mara nyingi kunatosha. Mwombe daktari achukue sampuli kabla ya kidonge cha kwanza, kama ulivyomfanyia ng'ombe.